Hoja za Mkatoliki mbele ya Mprotestanti na Mkanamungu

Thoma wa Akwino, Mdominiko wa karne ya 13, aliweka mwanzoni mwa kitabu chake Summa contra Gentiles kanuni ambayo utetezi wa imani Katoliki unaitegemea hadi leo. Anayejadiliana na Myahudi, alisema, atumie Agano la Kale, kwa kuwa wote wawili wanalipokea. Anayejadiliana na Mkristo aliyefarakana na Kanisa atumie Agano Jipya. Asiyekubali Maandiko yoyote hana budi kuendewa kwa njia ya akili peke yake, maana hiyo kila binadamu anayo. Kanuni ni nyepesi, lakini katika midahalo huvunjwa kila siku: mkanamungu husomewa Zaburi inayomwita mpumbavu, na Mprotestanti huambiwa kwamba Papa alishasema, kana kwamba mamlaka ya Papa si jambo lenyewe linalobishaniwa.

Kwa Waprotestanti, basi, mahali pa kukutania ni Biblia. Hata hivyo, mdahalo wa Leipzig wa mwaka 1519 ulionyesha mapema kwamba Biblia haimalizi ubishi. Johann Eck, mwanateolojia wa Ingolstadt, alimkabili Martin Luther juu ya mamlaka ya Papa, toharani na rehema. Eck alimbana kwa swali la Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415 baada ya kuhukumiwa na Mtaguso wa Konstanz. Luther alikiri kwamba baadhi ya mafundisho ya Hus yalikuwa ya Kikristo kabisa, na kwamba mtaguso unaweza kukosea. Ilipofika zamu ya toharani, Eck alitaja Kitabu cha Pili cha Makabayo, sura ya 12, ambapo Yuda Makabayo anatoa sadaka kwa ajili ya askari waliokufa. Luther alijibu kwamba kitabu hicho hakimo katika orodha ya Maandiko yenye mamlaka. Hapo mjadala wa toharani ukawa umegeuka kuwa mjadala wa nani anayeamua Biblia ni vitabu vipi.

Midahalo mingi ya leo huishia palepale. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti 66. Vilivyozidi ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Makabayo, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Mtetezi Mkatoliki huonyesha kwamba vitabu hivyo vilikuwamo katika tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iliyotumiwa sana na waandishi wa Agano Jipya, na kwamba sinodi za Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397 zilivitaja. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulifunga suala hilo kwa Wakatoliki. Mprotestanti aliyesoma ana jibu: Wayahudi hawakuvipokea, na Yeronimo mwenyewe, mtafsiri mkuu wa Biblia ya Kilatini, alivitilia shaka. Mkatoliki anayelisikia jina la Yeronimo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mpinzani wake amekwisha kushindwa.

Hoja yenye nguvu zaidi ya Mkatoliki imo katika Agano Jipya. Hakuna kitabu cha Biblia kinachoorodhesha vitabu 27 vya agano hilo. Orodha ya kwanza inayolingana kabisa na ya leo imo katika barua ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Aliye na Maandiko peke yake kama kipimo ameyapata wapi Maandiko hayo? Waprotestanti hujibu kwamba Kanisa lilivitambua vitabu, halikuvipa mamlaka. Wakatoliki nao wanakubali hilo, na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulilitamka mwaka 1870. Tofauti inabaki katika uhakika: kama Kanisa linaweza kukosea, ni nini kinachomhakikishia Mkristo kwamba halikukosea lilipovitambua? Andiko la 2 Timotheo 3:16 linalotolewa kujibu hili linasema kwamba Maandiko yote yana faida, lakini halisemi kwamba ni Maandiko peke yake, na 2 Wathesalonike 2:15 linawaagiza waamini wayashike mapokeo, ya mdomo na ya barua pia.

Jambo jingine husahauliwa: Waprotestanti si kundi moja. Mkatoliki wa Dar es Salaam anayezungumza na Mlutheri wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hana haja ya kutetea ubatizo wa watoto, kwa sababu Walutheri wanabatiza watoto. Mwaka 1529, huko Marburg, Luther alishindwa kuelewana na Zwingli, mwanamageuzi wa Uswisi, kwa sababu Luther alishikilia kwamba mwili wa Kristo umo kweli katika Ekaristi. Msabato ataanzia kwingine kabisa. Mara nyingi atasema Jumapili ililetwa na Kaisari Konstantino mwaka 321. Hapo kinachohitajika ni historia: Yustino, aliyeuawa kwa ajili ya imani huko Roma, alimwandikia Kaisari Antoninus Pius katikati ya karne ya 2, na katika utetezi huo alieleza Wakristo wakikusanyika siku ya Jumapili, wakisoma maandishi ya mitume na kushiriki mkate na divai. Hiyo ni zaidi ya miaka 150 kabla ya amri ya Konstantino.

Kuhusu Petro na mwamba wa Mathayo 16:18 tahadhari inahitajika. Kusema kwamba Mababa wa Kanisa wote waliuelewa mwamba kuwa ni Petro ni kujichimbia shimo. Augustino, uzeeni, alipopitia upya maandishi yake, alieleza kwamba aliwahi kufundisha hivyo, kisha akafundisha kwamba mwamba ni Kristo aliyekiriwa na Petro, akamwachia msomaji achague. Ukuu wa Petro una hoja nyingine, kama vile funguo za mstari unaofuata na agizo la kulisha kondoo katika Yohane 21. Suala la sanamu ni jepesi zaidi: Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulitenga heshima itolewayo kwa picha takatifu na ibada inayompasa Mungu peke yake, na Kutoka 25 inaagiza makerubi wa dhahabu juu ya Sanduku la Agano.

Kuna pia mahali ambapo ubishi umepungua. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, wakikubaliana kwamba mtu anaokolewa kwa neema kwa njia ya imani katika Kristo, si kwa mastahili yake. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Anayeendelea kudai kwamba Wakatoliki hununua wokovu kwa matendo, au kwamba Walutheri hawajali matendo mema, anapigana vita iliyokwisha kusimamishwa na wenyewe.

Kwa mkanamungu uwanja unabadilika. Mtaguso ule wa mwaka 1870 ulifundisha kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa akili kutokana na viumbe, kwa hiyo Mkatoliki hana ruhusa ya kukimbilia "mimi naamini tu". Mfano unaotajwa sana ni mjadala wa redio ya BBC wa mwaka 1948 kati ya Padre Frederick Copleston, Mjesuiti, na mwanafalsafa Bertrand Russell. Copleston alisema kila kitu tunachokijua kinategemea kingine ili kiwepo, na kuvijumlisha vitu tegemezi, hata viwe vingi namna gani, hakutoi kisichotegemea. Shilingi iliyokopwa kwa mtu ambaye naye aliikopa lazima mahali fulani iwe na mwenyewe. Russell hakulitafuta jibu jingine. Alikataa kwamba kuuliza sababu ya ulimwengu mzima kuna maana yoyote. Hakuna aliyemshinda mwenzake waziwazi, lakini msikilizaji aliona wanapoachana.

Swali la "Mungu naye aliumbwa na nani?" hutokana na hoja iliyopotoshwa. Thoma hakusema kila kitu kina chanzo. Alisema vitu vinavyobadilika na kutegemea vingine vinahitaji chanzo. Wala hakujenga hoja yake juu ya ulimwengu kuwa na mwanzo, maana aliona falsafa haiwezi kuthibitisha mwanzo huo. Ndiyo sababu mtetezi makini haegemezi imani kwenye nadharia ya mlipuko mkuu, ingawa aliyeiasisi, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padre. Papa Pio XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji katika hotuba ya mwaka 1951, Lemaître hakupendezwa: nadharia ya sayansi inaweza kurekebishwa kesho.

Uovu ni hoja nzito zaidi, na Thoma aliiweka ya kwanza katika pingamizi dhidi ya kuwepo kwa Mungu kabla ya kutoa njia zake tano za kuuthibitisha. Hiari ya binadamu inaeleza vita na wizi, lakini mtoto anayekufa kwa maradhi haielezi. Jibu la Thoma, kwamba Mungu huruhusu ubaya ili atoe wema ndani yake, linaonyesha tu kwamba mambo hayo mawili hayapingani. Haliwezi kumwambia mzazi kwa nini mtoto wake. Upo pia uovu ndani ya Kanisa lenyewe: mapadre waliodhulumu watoto, na maaskofu waliowaficha, hawatetewi kwa falsafa yoyote, na kujaribu kufanya hivyo huharibu hata hoja zilizo nzuri.

Yapo pia mafundisho ambayo akili haiwezi kuyathibitisha. Thoma alionya kwamba anayejaribu kuthibitisha Utatu kwa akili huidhuru imani, kwa sababu hoja dhaifu huwafanya wasioamini wadhani kwamba hizo ndizo sababu za Wakristo kuamini. Kwa Utatu, kama kwa Umwilisho, mtetezi ana kazi ndogo zaidi: kuonyesha kwamba anayesema fundisho hilo linajipinga bado hajalithibitisha hilo.