Kiboko, Mwezi na Maji ya Mto Mavuji

Wageni wengi wafikao Kilwa huja kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Huyazunguka kwa siku moja, wakarudi Masoko, wakapanda basi. Wachache, hasa vijana wasafirio na shanta mgongoni na fedha kidogo mfukoni, huuliza kama kuna jambo jingine la kutazama. Lipo. Nyuma ya kisiwa, mto Mavuji huingia baharini kwa mlango mpana uliozungukwa na misitu ya mikoko, na wenyeji huwapeleka wageni huko kwa mashua kuwatazama viboko. Safari yenyewe ni fupi, lakini ina hatari yake, na hatari hiyo yaweza kupimwa kwa hesabu. Aendaye huko hana budi kufuata kalenda mbili kwa pamoja: ya mwezi, inayoyaamuru maji, na ya jua, inayomwamuru kiboko.

Tuanze na maji. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi; kwa hiyo maji hayo ni mazito kuliko maji ya mto ya ujazo uleule. Mto ukutanapo na bahari, maji baridi huelea juu, na maji ya chumvi hupenya chini yake mfano wa kabari. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila chombo chochote cha maabara. Koroga vijiko viwili vya chumvi katika nusu bilauri ya maji. Kisha chukua maji matupu yaliyotiwa wino, uyamimine polepole sana juu ya mgongo wa kijiko. Wino utabaki juu.

Miti ya mikoko imejipanga kufuata chumvi hiyo na kimo cha maji. Ukingoni kabisa mwa bahari husimama mililana, ambayo mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni kama vigingi. Ndani yake hufuata mikoko yenyewe, yenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na juu zaidi mikandaa. Msikundazi, wenye mizizi mipana kama mbao zilizosimamishwa, hupenda mahali ambapo maji ya mto yamezidi nguvu. Mchu hauna adabu ya kupanga foleni. Hauogopi hata nyanda kavu zilizojaa chumvi, kwa kuwa huitoa chumvi kwa njia ya majani. Msafiri alambe jani la mchu, atahakikisha. Mkoko hufanya kinyume: huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini kabla haijaingia mwilini.

Naye kiboko? Yeye ni mnyama wa maji baridi, ingawa chumvi haimzuii kupita. Wale wanaoishi katika kisiwa cha Mafia wanaaminiwa kuwa wazawa wa viboko waliovuka kutoka delta ya Rufiji, na katika visiwa vya Bijagós, Guinea-Bissau, viboko huonekana baharini. Hata hivyo mamba amemzidi kwa jambo moja: ulimi wa mamba una tezi za kutolea chumvi, lakini kiboko hana kitu cha namna hiyo, hivyo lazima apate maji baridi ya kunywa.

Watu wengi hudhani kwamba kiboko huogelea. Kwa kweli mwili wake ni mzito mno. Yeye hutembea au kuruka polepole juu ya sakafu ya mto, na huibuka kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Ngozi yake hupoteza maji haraka, ndiyo sababu hushinda majini mchana kutwa. Ule ute mwekundu uliodhaniwa zamani kuwa jasho la damu ulichunguzwa na wataalamu wa Kijapani, walioeleza mwaka 2004 kwamba una rangi mbili, nyekundu na ya chungwa, zinazokinga ngozi na miale ya jua. Na ile nyekundu huzuia bakteria. Jua likitua, hutoka kwenda kula majani, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja.

Sasa tuziunganishe kalenda zetu. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku hizo hupwa karibu na saa 4 asubuhi, na hujaa karibu na saa 10 alasiri. Ndani ya mto huchelewa kidogo. Mashua ikiingia saa 4, hukuta mkondo umesinyaa na viboko wamesongamana katika vilindi vichache. Mnyama huyu akitishwa hukimbilia kilindini. Hapo mashua ndiyo iliyokalia kilindi chake. Ikingoja kupanda na maji, itafika juu alasiri, na itarudi wakati viboko wanatoka.

Lakini kujaa kwa maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Baada ya siku 7 zimekuwa dakika 350, karibu saa 6. Ndiyo maana wakati wa maji mafu hujaa karibu na saa 4 asubuhi: mashua hupanda na maji asubuhi, viboko wametawanyika, na saa 6 yageukapo kuteremka hurudi nayo. Dosari ni kwamba maji mafu hayafiki katika vichochoro vyote. Kwa maoni yangu hasara hiyo yavumilika.

Toka Juni hadi Oktoba mvua ni haba, na mito ya Kilwa hunywea. Utafiti uliofanywa katika mto Mara na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kinyesi cha viboko kikirundikana katika madimbwi, huoza na kuimaliza oksijeni. Mvua ikayasukuma maji hayo, samaki wa chini hufa. Mto wenye maji ya kutosha hukisambaza kinyesi hichohicho kuwa chakula cha viumbe wa majini.

Msafiri huchagua siku yake. Mkulima wa mpunga kando ya mto hachagui, maana hulinda shamba saa zilezile atokazo kiboko. Kijia cha mnyama huyo hutambulika kwa mifereji miwili sambamba yenye tuta la majani katikati, na kinyesi kilichotapanywa kwa mkia juu ya vichaka. Azionaye alama hizo jua linaposhuka, aondoke kijiani, apande ukingo wa juu, wala asisimame kati ya kiboko na maji.