Kwenda Namugongo kwa Miguu: Jiandaeni Pamoja

Kila mwaka tarehe 3 Juni mahujaji hukusanyika Namugongo, nchini Uganda. Huko ndiko wengi wa Mashahidi wa Uganda walikochomwa moto mwaka 1886. Mahujaji wengine hufika kwa basi, wengine kwa miguu. Kutoka Nyamiaga, wilayani Ngara, kupitia Karagwe, Kyaka na Mutukula, ni zaidi ya kilometa 400. Kikundi kikienda kilometa 25 kwa siku, safari itachukua siku 16 au zaidi, bila kuhesabu siku za kupumzika.

Mara nyingi kinachomshinda msafiri ni nyayo. Viatu vipya huleta malengelenge. Lengelenge likipasuka na kuingia uchafu huwa kidonda, na mtu mmoja mwenye kidonda husimamisha kikundi kizima. Kwa hiyo anzeni mazoezi mwezi Machi. Vaeni viatu vile vile mtakavyosafiri navyo. Anzeni na kilometa 5, ongezeni kidogo kidogo, mpaka muweze kwenda kilometa 20 siku mbili mfululizo. Viatu vipya ni vya kanisani, viacheni nyumbani. Lengelenge msilitumbue. Likipasuka lenyewe, lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha lifungwe kwa kitambaa safi.

Nendeni kituo cha afya pamoja. Kuingia Uganda kunahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka mpaka. Anayetumia dawa kila siku aombe za kutosha kwenda na kurudi.

Maji ya kunywa yachemsheni. Anayeharisha apewe maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visijazwe kichuguu. Chumvi ikizidi ni hatari.

Homa nayo isifichwe. Mwezi Januari 2025 jirani zetu wa Biharamulo walipata ugonjwa wa Marburg. Ugonjwa huo huanza kwa homa, kama malaria. Mwenye homa asiondoke na wenzake, hata kama amekwisha kutoa mchango wake. Apimwe kwanza.

Barabarani piteni upande wa kulia, muyaone magari yanayokuja. Mwendo uwe wa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Jioni kiongozi awahesabu watu. Kisha kila mmoja avue viatu, aoshe miguu, na amwonyeshe mwenzake nyayo zake.