Kosa Liitwe Kosa: Tafakuri za Mtunzi wa Programu na Kazi ya Tiba

Mwaka 1957 kijana mmoja wa Kiholanzi alikwenda kufunga ndoa mjini Amsterdam. Fomu ilimtaka ataje kazi yake, naye akaeleza kwamba ni mtunzi wa programu za kompyuta. Wakuu wa manispaa wakakataa, kwa sababu kazi ya namna hiyo haikuwapo. Hatimaye hati ya ndoa ikamtambulisha kuwa mwanafizikia wa nadharia, jambo lililokuwa na ukweli kiasi, kwani fizikia ndiyo aliyoisomea katika Chuo Kikuu cha Leiden. Kijana huyo ni Edsger Dijkstra, mzaliwa wa Rotterdam, mtoto wa baba mkemia na mama mwanahisabati. Mwaka 1972 alitunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo katika fani ya kompyuta haina iliyo juu yake.

Dijkstra hakuwa tabibu. Lakini kwa muda wa miaka 50 alitafakari na kuandika juu ya mambo ambayo sasa yameingia wodini, maabara na dirisha la dawa: namna chombo kinavyomfinyanga anayekitumia, namna kosa linavyojificha, na namna akili ya binadamu ilivyo finyu mbele ya kazi kubwa. Katika hospitali ambazo faili la karatasi limeanza kuondoka na kioo cha kompyuta kimekaa kati ya daktari na mgonjwa, tafakuri hizo zinawahusu watu wengi ambao hawajapata kulisikia jina lake.

Kazi iliyomtangaza zaidi haikufanyika kwenye kompyuta. Mwaka 1956 alikuwa Amsterdam pamoja na mchumba wake. Walikuwa wamechoka kuzunguka madukani, wakaketi mkahawani kunywa kahawa. Alikuwa akiwaza jinsi ya kupata njia fupi kuliko zote kutoka mji mmoja hadi mwingine, na kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, akalipata jibu. Alilichapisha mwaka 1959. Hadi leo njia hiyo, pamoja na nyingine zilizozaliwa nayo, hutumika katika kuongoza data kwenye mitandao na magari kwenye ramani. Mwenyewe alikuja kusema kwamba kukosa karatasi kulimsaidia: asiye na mahali pa kuandika hulazimika kuepuka kila ugumu unaoepukika.

Liko jambo jingine lililomtia hofu, na hofu hiyo ina maana kubwa kwa mhudumu wa afya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wenzake Bram Loopstra na Carel Scholten walikuwa wakibuni kompyuta mpya iliyoitwa X1. Walitaka iweze kukatizwa: ikiwa katikati ya hesabu, kifaa kingine kiweze kuishtua, iache inachofanya, ihudumie kifaa hicho, kisha irudi ilipoachia. Wazo lilikuwa zuri, kwani lingeokoa muda mwingi. Dijkstra aliogopa. Mkatizo huja wakati wowote, na ukikuta programu haikuandaliwa vema, huzaa kosa linalotokea mara moja na kutoweka. Fundi akijaribu kulirudia halionekani tena. Mashine inayokosea kila siku saa ileile inatibika, lakini inayokosea mara moja katika siku 1,000 ni mtihani mwingine kabisa. Mwishowe alikubali, akatunga kwa uangalifu mkubwa programu ya kuisimamia mikatizo hiyo, na kazi hiyo ikawa sehemu ya tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959.

Muuguzi anayegawa dawa anaifahamu hofu hii bila kusoma kompyuta. Ameshika sindano ya mgonjwa wa kitanda cha nne, simu inaita, ndugu wa mgonjwa anauliza saa za kuona wagonjwa, daktari anaomba faili. Anaporudi kwenye troli, je, dawa ya kitanda cha nne ilikwisha kutolewa au bado? Tafiti za wodini zimeonyesha uhusiano kati ya kukatizwa na makosa ya dawa. Dijkstra hakujaribu kuifuta mikatizo. Aliamua mapema mahali ambapo kazi inaweza kukatizwa na mahali ambapo haiwezi. Wodi zetu nyingi bado hazijaamua.

Hofu hiyo ilikuja kuonekana kwa macho huko Marekani, katika jimbo lilelile la Texas ambako Dijkstra alifundisha kuanzia mwaka 1984. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi. Baadhi yao walikufa kwa majeraha ya mionzi hiyo. Mashine iliweza kufanya kazi kwa namna mbili: kutoa miale ya elektroni, au kutoa eksirei kwa kutumia mwale wenye nguvu nyingi zaidi uliopitishwa kwenye kizuizi maalumu. Katika toleo lililotangulia, vizuizi vya umeme na vya chuma vilihakikisha kwamba mwale mkali hautoki pasipo kizuizi. Katika toleo jipya, sehemu kubwa ya ulinzi huo iliachiwa programu peke yake.

Machi 1986, katika mji wa Tyler, mwendesha mashine mzoefu aliandika herufi ya eksirei badala ya herufi ya elektroni. Aligundua kosa lake mara moja, akarudi juu, akarekebisha, akaendelea. Alikuwa mwepesi wa vidole kwa sababu kazi ile aliifanya kila siku. Mashine ilihitaji sekunde 8 hivi kuzipanga sumaku zake, na marekebisho yakikamilika ndani ya sekunde hizo, sehemu moja ya programu haikuyaona. Kioo kikaonyesha kwamba kila kitu ni sawa, kisha mashine ikasimama na kuandika hitilafu namba 54. Namba hiyo haikuwa na maelezo ya kumsaidia. Ujumbe wa hitilafu ulikuwa jambo la kila siku katika mashine zile, na desturi ilikuwa kubonyeza kitufe cha kuendelea. Akabonyeza.

Mgonjwa alikuwa amelala ndani akiwa amekwisha kuhisi pigo kama la umeme mgongoni. Alikuwa akijaribu kuinuka pigo la pili lilipomfikia mkononi. Siku hiyo kioo cha video cha chumba kile kilikuwa kimechomolewa na kifaa cha sauti kilikuwa kibovu, hivyo mwendesha mashine hakumwona wala kumsikia, hadi mgonjwa alipoanza kuugonga mlango kwa ngumi. Alipaswa kupata radi 180. Makadirio ya baadaye yalikuwa kati ya radi 16,500 na 25,000. Alikufa miezi mitano baadaye.

Wataalamu walipoichunguza mashine hawakuona kasoro, nayo ikarudishwa kazini. Mwezi uliofuata ikaumiza mgonjwa mwingine. Safari hii mwanafizikia wa hospitali na mwendesha mashine yuleyule walikaa wakairudia kazi hiyo tena na tena, hadi wakagundua kwamba siri ilikuwa katika kasi ya kuandika. Mchunguzi anayeandika polepole asingeliona kosa hilo hata kwa mwaka mzima. Toleo la zamani la mashine lilikuwa na kosa hilohilo katika programu yake, ila huko vizuizi vilikata umeme, fyuzi ikaungua, na hakuna aliyeumia.

Hapa mgonjwa aliyeandikiwa tiba ya mionzi asije akaahirisha safari yake ya Ocean Road au Bugando kwa sababu ya habari hizi. Mkasa wa Therac-25 umekuwa somo la kudumu kwa wanaobuni na kusimamia vifaa vya tiba, na mashine za sasa zina ulinzi wa ngazi kadhaa usiotegemea programu moja. Kuacha tiba ya saratani katikati ni hatari iliyo karibu zaidi. Lakini mgonjwa anayehisi jambo tofauti na la siku zote anapaswa kusema papo hapo, na anayemhudumia anapaswa kumwamini kuliko anavyokiamini kioo.

Mwaka 1988, katika andiko kali kuhusu ufundishaji wa sayansi ya kompyuta, Dijkstra alishambulia neno moja. Watunzi wa programu walikuwa na mazoea ya kuita kosa la programu “mdudu”. Yeye aliona kwamba neno hilo ni udanganyifu, kana kwamba mdudu amejipenyeza kwa hila wakati mwenye kazi amegeuka. Alitaka kosa liitwe kosa, kwa sababu liliwekwa pale na aliyeandika. Na programu yenye kosa, alisema, isiitwe karibu sahihi. Aliyewahi kuona nukta ya desimali ikihama katika dozi ya mtoto, 0.5 ikawa 5, hahitaji kufafanuliwa.

Kiswahili cha hospitalini nacho kina wadudu wake. Husemwa kwamba dozi imezidi, sampuli imepotea, mfumo umegoma, majibu yamechelewa. Sarufi inaruhusu, na lugha ni tamu, ila katika sentensi hizo zote hakuna mtu. Sampuli haina miguu. Hata hivyo Dijkstra alikuwa akijihukumu yeye mwenyewe na wanataaluma wenzake. Hakuwa bosi anayetafuta wa kumpa barua ya onyo. Tofauti hiyo ni kubwa. Mahali ambapo anayekiri kosa huadhibiwa na anayelificha hupandishwa cheo, sampuli zitaendelea kupotea zenyewe.

Alikuwa pia na hoja juu ya majaribio. Kuijaribu programu, aliandika, kunaweza kuonyesha kwamba makosa yamo, lakini hakuwezi kamwe kuthibitisha kwamba hayamo. Mhudumu wa maabara ataitambua hoja hiyo mara moja. Kipimo cha VVU kilichofanywa siku chache baada ya maambukizi huweza kutoa jibu hasi ilhali virusi vimo mwilini. Ndiyo maana mtu huambiwa arudi kupima tena. Kipimo cha haraka cha malaria huweza kuvikosa vimelea vikiwa vichache mno. Wagonjwa wengi hulipokea jibu hasi kama hati ya kuachiwa huru. Ni wajibu wa anayetoa jibu kueleza kwamba kipimo hakikuona kitu, na kwamba kutokuona si sawa na kutokuwapo.

Katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, mwaka 1972, alizungumzia unyenyekevu. Mtunzi hodari, kwa maoni yake, anajua kwamba fuvu lake lina nafasi ndogo, kwa hiyo huikabili kazi kwa unyenyekevu na kukwepa ujanja ujanja kama ukoma. Madaktari hawakulelewa hivyo. Wengi walifundishwa kwamba kukumbuka kila kitu kichwani ndiyo heshima ya fani. Ilichukua muda hadi Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya hakiki ya upasuaji, ukurasa mmoja tu, unaomtaka kila mmoja chumbani aseme kwa sauti jina la mgonjwa, mahali pa kupasua na mzio alionao. Orodha hiyo ilijaribiwa katika miji minane duniani, na mmoja kati ya hiyo ni Ifakara yetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Chombo chenyewe kilikuwa karatasi, na nguvu yake ilitokana na kukiri kwamba fuvu ni dogo.

Si kila alichosema Dijkstra kinafaa kumezwa kizima. Alikuwa na ulimi mkali na dharau kwa waliofikiri vingine. Aliamini kwamba programu inapaswa kuthibitishwa kihisabati inapotungwa, na kwa programu ndogo hilo linawezekana, lakini mifumo ya hospitali hutungwa na watu wengi, kwa haraka, kwa bajeti iliyokwisha, na hubadilishwa kila waraka mpya wa wizara unapotoka. Isitoshe, hakuna uthibitisho wa kihisabati ambao ungekichomeka kile kioo cha video kilichochomolewa kule Tyler. Hilo lilihitaji mtu wa kukagua waya kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia.

Kuhusu vyombo alikuwa na msimamo kwamba havitusaidii tu, bali hututengenezea tabia za kufikiri. Yeye mwenyewe, mtu wa kompyuta, kwa miaka mingi hakupenda kuandikia kwenye kompyuta. Alitumia kalamu ya wino. Aliifikiria sentensi hadi ikatulia kichwani, kisha akaiandika mara moja kwa mwandiko safi ambao mfamasia yeyote angeuonea wivu. Kila andiko alilipa namba, akalitoa fotokopi na kuwatumia marafiki wachache, nao wakatoa nakala kwa wengine, hadi likazunguka dunia. Katika uzee alikubali kuwa na kompyuta ndogo ya Macintosh kwa ajili ya barua pepe.

Alistaafu Texas mwaka 1999, na mwanzoni mwa mwaka 2002, akiwa mgonjwa, akarudi nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi. Saratani ilimwua tarehe 6 Agosti mwaka huo. Andiko lake la mwisho, namba 1318, ni la mwezi Aprili. Linahusu hisabati, na limeandikwa kwa mkono.