Dirisha Lenye Taa Halijasema Karibu

Jua la Dar es Salaam na Mombasa huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza halichelewi: baada ya dakika ishirini na kitu ni usiku. Ndani ya dakika hizo taa huwashwa nyumba baada ya nyumba, mapazia yakiwa bado yamesukumwa pembeni ili upepo uingie, na mpita njia huona asichokwenda kukiona: sinia la chakula, mtoto anayesinzia juu ya daftari, baba mwenye nyumba amevua shati. Wanaotetea macho yao husema macho hayana pazia. Ni kweli, lakini msemo huo unahusu kuona, na Kiswahili hakikuishia kwenye kuona. Tunayo pia kutazama, kukodoa, kuchungulia na kuchunguza, na kadiri orodha inavyokwenda ndivyo lawama inavyopanda. Aliyeona hana kosa. Mchunguliaji ana jina baya mtaa mzima. Lugha imekwisha kuhukumu jambo ambalo miji yetu ya maghorofa inazidi kulisahau, kwamba mzigo wa stara haubebwi na pazia peke yake. Jicho nalo linapaswa kupiga hodi.

Kwanza tuone kioo kinavyotusaliti. Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga unaokigonga, kama asilimia 8, na sehemu kubwa ya uliobaki hupita. Mchana wa jua kali mwanga wa nje huuzidi wa sebuleni mara mia na zaidi, kwa hiyo hiyo asilimia 8 inayorudi inatosha kuufunika ule mdogo unaotoka ndani. Aliye barabarani haoni kiooni ila mawingu na mwembe wa jirani. Usiku mizani hupinduka. Taa iko ndani, giza liko nje, na sasa aliye ndani akitazama kioo anajiona mwenyewe, huku aliye nje akimwona yeye kama yuko jukwaani. Pazia jepesi nalo hufuata kanuni hiyohiyo: mchana weupe wake ukipigwa na jua huyazuia macho ya wapita njia, lakini likimulikwa kwa nyuma usiku halizuii kitu. Ndiyo maana wengi wanaodhani wamejisitiri hawajajisitiri. Pazia walilipima mchana. Zaidi ya ufundi huo kuna kutokuwa sawa kati ya watu wawili. Mchana macho yakikutana dirishani, mmoja atasalimu au atageuka. Usiku hayakutani, maana anayetazamwa hajui kama anatazamwa, wala hana nafasi ya kujibu “karibu” au “subiri kidogo”.

Watu wa pwani walilijua tatizo la jicho kabla ya umeme. Hodi haikuwekwa kwa ajili ya miguu tu. Aya ya 27 ya Sura ya An-Nur katika Kurani inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu waliomo, na Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inatoa sababu: mtu mmoja alimchungulia Mtume kupitia tundu, Mtume akamkaripia vikali, akaeleza kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya macho. Basi aliyesimama nje ya kizingiti huku macho yake yakizunguka ukumbini amekwisha kuingia. Mpangilio wa sura hiyo nao haufai kupitwa: aya ya 30 inawaambia wanaume wainamishe macho, ndipo aya ya 31 inapowafikia wanawake, na hata huko inaanza na macho kabla ya kufika kwenye mavazi. Anayetazama ametangulizwa.

Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni mantiki hiyo iliyotiwa chokaa. Upande wa mtaani ukuta ni mtupu au una matundu machache yaliyo juu. Mgeni hukaa kwenye daka, nje ya mlango, penye baraza huku na huku. Akivuka mlango hukutana na tekani, sehemu inayopinda makusudi ili aliye kichochoroni asiuone moja kwa moja uwanja wa ndani. Kila hatua ni hodi nyingine, na chumba kiitwacho ndani kimewekwa nyuma, mbali na mlango. Tusiupambe mfumo huo kupita kiasi. Faragha yake ilikuwa ya wenye mali. Wanawake waliilipia kwa kufungiwa, na watumwa waliozijenga kuta hizo hawakuwa na ukuta wa kujifichia. Hata hivyo wajenzi wake walijua jambo moja ambalo mkandarasi wa leo halimsumbui: dirisha si tundu la hewa tu, lina upande linaoutazama.

Leo Upanga na Kariakoo jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Kilimani jijini Nairobi, nyumba ya chini huvunjwa na ghorofa kumi zikasimama mahali pake, na ua uliokuwa na faragha miaka arobaini unapata macho mapya juu yake. Pipeline, Embakasi, hukohuko Nairobi, majengo yamebanana kiasi kwamba jirani wa upande wa pili yuko karibu kuliko mtu wa chumba cha pili. Hapo ndipo linapokuja jibu la haraka: asiyetaka kuonwa afunge pazia. Ni jibu lenye sehemu ya ukweli, kwa kuwa kila mtu ana wajibu wa kujisitiri na hakuna anayeweza kudai barabara nzima itembee imeinama. Lakini katika joto la Februari la Dar es Salaam, kufunga pazia ni kufunga upepo, na anayelipia ni yuleyule aliyekuwapo kwanza. Wanasheria wa dola ya Kiosmani waliliona hili walipoandika Mecelle, sheria zao za madai, kati ya 1869 na 1876. Dirisha linalotazama mahali pa wanawake wa jirani, kama jikoni au uani, walilihesabu kuwa madhara makubwa. Mwenye dirisha huamriwa ajenge ukuta au aweke kizuizi, ingawa halazimishwi kuliziba kabisa. Gharama ilimwangukia aliyeleta macho.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Mwaka 2016 jumba la sanaa la Tate Modern jijini London lilifungua jengo jipya lenye roshani ya kutazamia mji kwenye ghorofa ya 10. Zaidi kidogo ya mita 30 kutoka hapo kulikuwa na fleti zenye kuta za vioo, na watu laki kadhaa kwa mwaka wakawa wanapita wakitazama watu wakila na kupumzika. Wengine walipiga picha na kuzirusha mitandaoni. Wenye fleti wakashtaki. Mahakama ya kwanza, mwaka 2019, iliwaambia kwa ufupi kwamba walinunua vioo wenyewe na mapazia yapo. Wengi waliwacheka, na ni rahisi kuona kwa nini: tajiri aliyenunua nyumba ya kioo analalamika kwamba anaonekana. Lakini tarehe 1 Februari 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, Mahakama ya Juu iligeuza hukumu. Majirani kuonana kutokana na maisha ya kawaida hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kualika umma usimame hapo siku baada ya siku na kuwafanya wakaazi kama wanyama wa maonyesho. Kumwambia anayeudhiwa ajifungie, walisema walio wengi, ni kumtwisha mzigo asiye na kosa. Anayetaka kuicheka kesi hiyo aondoe utajiri wa wakaazi, aweke chumba cha kupanga na roshani ya hoteli mpya mbele yake. Hoja haibadiliki.

New York ilikwenda njia nyingine. Msanii Arne Svenson aliwapiga picha majirani zake wa jengo la ng'ambo kwa lenzi ya kuvuta mbali, akazionyesha mwaka 2013 bila wao kujua. Waliposhtaki, mahakama ya rufani ya jimbo iliamua mwaka 2015 kwamba picha hizo ni sanaa inayolindwa na uhuru wa kujieleza, ingawa majaji hawakuficha kwamba jambo lenyewe liliwakera. Kwa maoni yangu walikosea kuuweka mpaka. Mtazamo wa mpita njia hufa akigeuka kona. Picha huhama na kuzaa nakala, ikafika kwenye kundi la WhatsApp la watu wasiomjua mhusika. Kwetu mpaka wa kuanzia upo: ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inahifadhi maisha binafsi, unyumba na maskani ya mtu, na ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha, zikiwamo habari za familia zisizo na sababu ya kufichuliwa. Anayepandisha simu dirishani kumrekodi jirani hawezi kujitetea kwa macho yasiyo na pazia. Simu ina kitufe, na kitufe kimebonyezwa na mtu.

Pingamizi lililobaki ndilo zito kuliko yote. Jirani mwema huangalia: ndiye aliyeona moshi, ndiye aliyegundua kwamba taa ya bibi wa chumba cha mwisho haijazimwa siku mbili, na faragha iliyotukuzwa kupita kiasi imewaficha wapiga wake na watesaji wa watoto. Hayo ni kweli, wala jicho lenye hodi halikatazi. Tofauti inajulikana kwa kuuliza swali moja: je, niliyoyaona ninaweza kumwendea mwenyewe nikamwambia? “Bibi, taa yako ilikesha, u hali gani?” ni neno linaloweza kusemwa mlangoni asubuhi. Aliyesikia mtoto akipigwa naye atakwenda kugonga, au atamwita balozi wa nyumba kumi au polisi. Hatabaki gizani akifuatilia. Mchunguliaji hana la kusema mlangoni, maana akifungua kinywa atajitaja alikuwa wapi.

Basi wewe unayejenga: kabla fundi hajapachika fremu ya dirisha, panda pale litakapokaa, wakati wa jioni taa za jirani zikiwa zimewashwa, uone linaangukia wapi. Kama ni kitandani kwake, lisogeze wakati tofali bado ni bichi.