Pudini ya Maandazi ya Jana

Andazi likilala, huwa gumu hata kama halijapoteza maji mengi. Kinachobadilika zaidi ni wanga. Unga ukiiva, chembe za wanga hunywa maji na kulainika. Andazi likipoa, wanga huo hujipanga upya na kubanana. Baridi ya friji huuharakisha ugumu huo. Moto na maziwa huulegeza, na kwa pudini andazi la jana ni bora kuliko la leo, maana hunywa maziwa bila kuwa uji.

Basi mama lishe wa Mbangala aliyebakiwa na maandazi manane asiyauze kwa bei ya hasara. Ayamege kwa mkono, asiyakate kwa kisu: ganda la andazi limeshiba mafuta na maziwa hayapenyi, ila nyama ya ndani iliyochanika hunywa vizuri. Kama kuna hafukeki, ziende chini kabisa, kwa kuwa ni nzito na huchelewa kuloa.

Mapishi ya Uingereza hutumia mkate uliopakwa siagi. Andazi limeshakaangwa, kwa hiyo siagi kijiko kimoja juu yatosha. Pasha nusu lita ya maziwa yawe vuguvugu tu, kwani yakichemka yataivisha mayai kabla ya wakati. Piga mayai matatu na vijiko vitatu vikubwa vya sukari, iliki na chumvi kidogo, changanya na maziwa, mimina juu ya maandazi, tia zabibu kavu. Kisha subiri nusu saa. Mwenye haraka apike kitu kingine.

Shida kubwa ni jiko la mkaa. Mchanganyiko wa mayai na maziwa huganda kwenye nyuzi 80 hivi; ukizidishiwa moto, protini hujikamua, maji yakajitenga na pudini ikawa na vitundu. Dawa yake ni maji. Weka sufuria ya pudini ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto hadi nusu ya kimo chake: maji hayapiti nyuzi 100, na huko juu Tunduma huchemka hata kabla ya hapo. Funika, weka makaa machache juu ya mfuniko ili uso upate rangi. Ipue kingo zikishika na katikati ikingali inatikisika; itamalizia kuganda yenyewe.

Andazi lenye ukungu litupwe lote. Sumu za baadhi ya kuvu haziondoki kwa kuokwa.

Anayetaka anasa zaidi aunguze sukari hadi iwe ya kahawia, aizimulie kwa kahawa nzito ya Mbozi, aimwagie pudini ingali moto.