Calamari na kalamu: Neno moja lililofika Kasongo bila bahari

Anayeagiza calamari katika mgahawa wa Kiitaliano huletewa ngisi, mara nyingi waliokatwa kama pete na kukaangwa. Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini DRC, ziko mbali na bahari, na wengi huko hawajawahi kumwona ngisi. Hata hivyo, ndugu wa jina hilo wanaye: ni neno kalamu.

Asili yake ni neno la Kigiriki kalamos, yaani tete. Tete lilichongwa ncha, likachovywa katika wino na kuandikia. Kwa Kilatini likawa calamus, na chombo cha kuwekea kalamu kikaitwa calamarium. Waitaliano wakamwita ngisi calamaro, kwa kuwa hubeba wino wake mwenyewe, na mwilini mwake mna kigamba chembamba mfano wa kalamu. Calamari ni wingi wake.

Upande wa pili, neno hilo liliingia katika Kiarabu kama qalam, na Waswahili wakalifanya kalamu.

Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilipitia Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Kabambare na Kasongo. Ilileta Kiswahili, Uislamu na maandishi ya Kiarabu. Ilileta pia bunduki na minyororo ya watumwa. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo kuwa ngome yake, baadaye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Wengi wa waliofungwa minyororo ile hawakuacha hata mstari mmoja.

David Livingstone naye alikwama Kabambare, aliyoiita Bambarre, mwaka 1870. Karatasi na wino vilipomwishia huko Manyema, aliandika juu ya kurasa zilizokwisha kuchapwa, kwa wino wa mbegu za mmea wa huko. Maandishi hayo yalififia kiasi kwamba wataalamu walihitaji kupiga picha kwa mianga maalumu ili kuyasoma. Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010.

Leo kalamu ina mshindani. Wakongo wengi huiita biki, kutokana na Bic, kampuni ya Ufaransa iliyoanza kuuza kalamu zake za bei nafuu mwaka 1950. Wabelgiji pia huita hivyo. Neno kalamu lilitangulia kufika Maniema kwa miaka mingi, likitembea kwa miguu.