Je, Wajua? Mbio za Nusu Mbili za Dunia

Je, wajua kwamba mkimbiaji wa Nanyuki aweza kuanza mazoezi kusini mwa dunia na kuyamalizia kaskazini? Ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji. Penye kibao cha Ikweta, vijana wenye karai watakuonyesha maji yakigeuza mzunguko kila upande wa mstari. Hicho ni kiinimacho, lakini chafurahisha. Kinachobadilika kweli ni pumzi: hapa ni takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mgeni kutoka Mombasa huanza kuhema kwenye kilima cha kwanza. Ukipanda baiskeli kandokando ya Mto Nanyuki, jua hivi: maji hayo ya Mlima Kenya huingia Mto Ewaso Ng'iro, na kwa kawaida huishia kwenye kinamasi cha Lorian, bila kuiona bahari.